Dishon Wesonga, Aliyekoroga Bila Kelele

Tuliyemleta nyumbani leo ni Dishon Wesonga. Alizaliwa tarehe 9 Juni 1961 hapa Sio Port, Kaunti ya Busia, mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Mzee Egesa na marehemu Mama Nangila. Aliyemtangulia kuzaliwa ni Mzee Wechuli, ambaye wengi wenu mnamjua kama mzee wa kanisa. Mama yao alisema Dishon alikuwa mtoto wa kusahaulika shambani, kwa jinsi alivyokuwa mkimya. Ilibidi ahesabiwe kwanza ndipo watu warudi nyumbani.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kufanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1976. Aliendelea na sekondari hadi kidato cha pili, kisha baba yao akafariki na masomo yakaishia hapo. Walimu walimsifu kwa mwandiko mzuri. Mwaka 1979 alikwenda Kisumu kwa mjomba wake aliyeishi Obunga, akafanya vibarua vya kila namna.

Mwaka 1981 aliajiriwa kuosha glasi katika hoteli moja kando ya ziwa, na miaka minne baadaye akapewa nafasi nyuma ya kaunta. Hapa wengine walishauri tuseme tu kwamba "alifanya kazi hotelini" kisha tuendelee mbele. Hatutafanya hivyo. Dishon alikuwa mhudumu wa baa kwa miaka thelathini na sita, na yeye mwenyewe hakuwahi kulewa.

Martini yake ya kwanza, kinywaji cha jin kinachopozwa kwa barafu, aliiharibu. Alimimina jin na divai ya mitishamba katika chombo cha barafu, akakitikisa kwa nguvu zote kama mama yake alivyosukasuka kibuyu cha maziwa. Kinywaji kikatoka na ukungu na vipande vya barafu, mgeni akakirudisha. Mkuu wake, Bwana Wanyonyi, hakumfokea. Alimwambia, "Wewe, hii si maziwa ya kibuyu. Kama iko na ndimu, tingisha. Kama haina, koroga pole pole, na nisisikie barafu ikigonga."

Tangu siku hiyo hakuna aliyesikia barafu ya Dishon ikigonga. Glasi ya mgeni aliipoza kwanza. Alichagua barafu kubwa, kavu, isiyoanza kuyeyuka, kisha akatia kijiko kirefu mgongo wake ukilala kwenye ukuta wa chombo, barafu ikazunguka yote pamoja kwa utulivu. Kiganja cha kushoto kilishika chombo kwa nje. Baridi ilipoanza kuuma vidole, alijua imetosha, maana ukizidisha hapo maji ya barafu yanakizimua kinywaji. Alichuja, akaminya ganda la limau juu yake, akalipitisha ukingoni mwa glasi, akaisogeza kwa mgeni na kurudi nyuma hatua moja.

Aliporudi nyuma, watu walianza kuongea. Walimweleza habari za ndoa zao, kesi zao na watoto waliowakana. Dishon alisikiliza. Katika miaka yote hiyo ni wachache mno waliomwuliza yeye ameamkaje.

Mmoja wao alikuwa Elsie Aloo, mfanyabiashara wa mitumba katika soko la Kibuye, aliyekuja hotelini kuwauzia wafanyakazi viatu. Alimtazama akihudumia wageni, kisha akasema, "Wee Dishon, unasikiza tu story za watu. Yako iko wapi?" Dishon alitusimulia kwamba hakuwa na jibu, ndiyo maana akamwoa. Walifunga ndoa katika ofisi ya mkuu wa wilaya tarehe 18 Agosti 1990, kwa sababu kanisa la nyumbani lilikataa kumfungisha mtu wa baa. Hawakujaaliwa mtoto. Elsie alifariki tarehe 2 Machi 2009 kwa ugonjwa wa presha. Dishon akabaki katika chumba chao cha kupanga mtaani Kondele, akaomba apewe zamu za Jumapili pia, kwa kuwa Jumapili ilikuwa ndefu mno kwake. Upweke ni uvundo, wahenga walisema, na yeye aliufahamu vizuri.

Kila Desemba alikuja hapa nyumbani na ndimu, sukari, soda na barafu aliyoifunga kwa magunia. Alitutengenezea kinywaji kama kile cha wageni wake, ila bila jin. Watoto walikigombania. Glasi ya kwanza aliipeleka daima kwa ndugu yake, kwa mikono miwili, na kila mwaka Mzee Wechuli aliiacha mezani. Mwaka wa kwanza alisema mbele ya watu wote, "Mkono unaomimina pombe hautanipa mimi kinywaji." Miaka iliyofuata hakuhitaji kusema tena. Barafu iliyeyuka, na jioni Dishon aliichukua glasi ile akaimwaga kwenye migomba. Wengi walioketi hapa leo waliona, wakanyamaza. Kitu kimoja tu alikitaka Dishon katika boma hili, nacho ni ndugu yake apokee glasi ile.

Alistaafu mwaka 2021. Mwezi Mei 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Chakula kikawa kazi kumeza, sauti ikafifia. Mpwa wake Valarie, bintiye Mzee Wechuli, ndiye aliyemwuguza, na mwezi Septemba alimpigia baba yake simu: "Baba, kama unakuja, kuja sasa."

Mzee Wechuli alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuingia chumba kile cha Kondele. Dishon aliamka kitandani, akaomba ndimu. Valarie alitaka kumsaidia, akamzuia: "Wachia mimi." Ilimchukua muda mrefu. Hakuwa na nguvu za kutikisa, akakoroga. Akaleta kwa mikono miwili, akasema, "Hii ilifaa kutingishwa, lakini mikono imekataa."

Mzee Wechuli aliishika ile glasi, akanywa.

"Ni ndimu na sukari tu, Mzee," Dishon alisema. "Sijaweka kitu ingine."

"Sijakuuliza umeweka nini," Mzee Wechuli alijibu, akanywa mpaka ikaisha. Wakakaa wawili hao hadi jioni.

Dishon Wesonga alifariki dunia hospitalini mjini Kisumu asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Novemba 2024. Hakuwepo mtu wa kwao kando ya kitanda. Valarie alikuwa ametoka kutafuta dawa, na Mzee Wechuli alikuwa njiani kutoka hapa, amebeba ndimu.

Marehemu hakuacha mke wala mtoto. Ameacha mpwa wake Valarie, mashemeji wa ukoo wa Aloo, na ndugu mmoja. Ndugu huyo ameomba yafuatayo yasomwe mbele ya kanisa kama alivyoyasema: kwamba alikunywa kutoka mkononi mwa Dishon mara moja tu, na kwamba mara moja haikutosha.

Mungu ampokee Dishon, ampumzishe.