Chumba cha Iodini Kinachongoja Utepe

Mgeni rasmi, mganga mkuu wa hospitali, madaktari, wauguzi, na ndugu zetu mliotusindikiza:

Mgeni rasmi, karibu sana. Tumefurahi kukuona, na hatusemi hivyo kwa adabu tu. Tumekuwa tukikuulizia kuliko ndugu wa damu.

Anayekusomea risala hii ni mwenzetu, fundi cherehani. Tulimchagua kwa kuwa upasuaji ulimwachia sauti. Wengi wetu tunanong'ona. Akikwama katikati ya sentensi, usidhani analia. Mshereheshaji naye atamwashiria afupishe, nasi tunamwomba radhi mapema, maana mama huyu hana mwendo mwingine kwa sasa.

SISI NI NANI

Sote tuliugua saratani ya tezi ya shingo, tezi ikatolewa. Tangu hapo tunaishi kwa vidonge vya homoni. Fundi alipoambiwa kwamba homoni ya kidonge huingia mwilini ikiwa imelala, alishtuka.

"Kwa hiyo nameza kitu kisichofanya kazi?"

Daktari akacheka. "Kinafanya, mama. Mwilini mna vimeng'enya. Homoni inaingia na iodini nne. Kimeng'enya kinabandua moja, homoni inaamka. Kikibandua isiyo yenyewe, inalala moja kwa moja."

"Kama kufumua mshono," fundi akasema. "Ukifumua usiohusika, nguo imekwenda."

Daktari akaongeza kwamba ndani ya uvimbe wa saratani vimeng'enya hivyo mara nyingi huvurugika, vingine vikazidi na vingine vikapungua, na kwamba watafiti bado wanaumiza vichwa juu ya jambo hilo. Fundi alirudi nyumbani akamweleza mumewe yote, akakosea kidogo tu.

MAFANIKIO

Chumba kimekamilika. Kina kuta nene, choo chake na mlango mzito. Humo mgonjwa atameza iodini yenye mionzi, nayo itazifuata chembe za saratani zilizobaki huko zilikojificha. Hatutasafiri tena kufuata tiba mbali. Kwa hilo tunashukuru kwa moyo wote.

CHANGAMOTO

Ili dawa hiyo ifanye kazi, ilitubidi tuache vidonge kwanza. Mwili ukikosa homoni, ubongo huziamuru chembe za tezi zilizosalia zifyonze iodini. Tuliacha kwa kufuata tarehe ya kwanza ya ufunguzi.

Ziara yako ikaahirishwa. Kwaya iliarifiwa. Wenye mahema waliarifiwa. Mpambaji aliarifiwa, akaja kuchukua maua yake. Sisi tulifika na mabegi, tukaukuta mlango una utepe.

"Jamani, hakitumiki mpaka kifunguliwe rasmi," muuguzi alituambia, macho chini.

Dawa iliyokuwa imeletwa ikaisha nguvu ikiwa kabatini, kwa sababu mionzi haijui kusubiri. Na kila tulipouliza kama turudie vidonge, tuliambiwa tuvumilie, tarehe mpya i karibu.

Sasa vimeng'enya vyetu vipo, ila havina cha kubandua. Tumevimba nyuso, tunatetemeka kwa baridi juani. Fundi ameshona mikono miwili upande mmoja wa shati la mteja, kisha akalipiga pasi vizuri kabisa. Mumewe, mtu wa utani, alicheka siku hiyo. Aliacha kucheka alipomkuta amekaa na kijiko mkononi, chai imepoa.

"Mke wangu, unangoja nini?"

"Sijui," akamjibu.

Jibu hilo lilimtisha mwenyewe kuliko siku alipoambiwa ana saratani. Hata sasa anaposoma ana hofu, kwa sababu amri ileile ya ubongo inayoziita chembe zifyonze iodini ndiyo inayozichochea zikue. Daktari hakumficha. Tunazichochea, halafu hatuzitibu.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: viti, feni, dirisha la pili la kuchukulia dawa. Tumeyafuta yote, limebaki moja.

Dawa mpya imefika leo asubuhi. Humezwa tumbo likiwa tupu, nasi hatujala. Lakini kwenye ratiba, utepe utakatwa baada ya kwaya, hotuba na chakula cha mchana. Mtaalamu wa mionzi anasema kufikia hapo hatakuwa na muda wa kuitoa salama, na kesho ni mapumziko.

Mgeni rasmi, tunakuomba ukate utepe sasa hivi, kabla ya hotuba yako. Hotuba haiharibiki ikikaa.

Tutaingia kwa zamu. Tumekubaliana fundi aanze, kwa sababu saratani yake imefika kwenye mapafu. Hakutaka tuiandike sentensi hiyo. Tulimsihi aisome hivyo hivyo.

Mkasi uko kwenye sahani mbele yako. Mungu aubariki mkono utakaoushika, aibariki nyumba yako, akuepushe na maradhi haya wewe na wanao. Msomaji akimaliza hapa hatarudi kwenye kiti chake. Atakwenda kusimama mlangoni, na watakaosimama nyuma yake ni sisi,

Umoja wa Wenye Kovu la Shingoni.