Kibao cha Sambaza: Tunamuaga Mwalimu Gratien

Mwalimu Nshimiyimana Gratien anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha habari za ziwa Kivu na viumbe wake hapa Nyumba ya Ziwa, Kamembe. Mimi Maman Nyiraneza, mpishi, ndiye niliyepewa kazi ya kumuaga. Shule sikuikanyaga, nasema, Charlotte wa ofisini anaandika. Kukiwa na kosa, mgombezeni yeye.

Nianze na kibao. Siku ya kufungua, Mwalimu alipaka juu, kwa herufi kubwa: SAMBAZA. Katikati, kwa herufi za mchwa: elimu ya ziwa. Chini, kubwa tena: BURE. Kiswahili chake alikisomea mbali, huko ambako kusambaza ni kueneza. Huku kwetu sambaza ni samaki, na muntu yeyote sokoni angemwambia, kama angeuliza. Asubuhi mlango ulijaa wamama na mabeseni, nami nikiwemo. Mbele yetu alisimama Nabintu, muuza samaki kutoka Bukavu.

“Papa, umeandika sambaza ya bure, na sambaza haiko! Unatubesha juu ya nini, uongo huu wa nini?”

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatuomba tugeuze mabeseni tukalie, akaanza kufundisha. Tangu siku hiyo mabeseni ndiyo madawati yetu, na kibao hakukifuta.

Alifundisha kwa chochote. Sufuria yangu ya maharage aliifanya ziwa: samaki wa Kivu wanaishi juu, penye hewa, chini kabisa hakuna anayeweza kupumua. Wanafunzi walielewa. Mfuniko aliondoka nao, sijauona mpaka leo. Batoto wa Bugarama, wanaosikia habari za mamba kule bondeni, walikataa hata kulowesha kidole. Mwalimu akaingia majini na soksi zake, akawaambia Kivu haina mamba wala kiboko. Waliingia wote. Soksi nilizianika mimi.

Jambo moja lilimnyima raha: ile ghuba ndogo chini ya jiko langu. Sambaza wachanga wanakulia pale, kwenye maji mafupi, na watu walikuwa wanawakokota kwa chandarua. Ukiwamaliza wachanga, kesho wavuvi wanarudi na mitumbwi mitupu. Nabintu ndiye aliyekuwa mnunuzi wao mkubwa, na alibishana na Mwalimu kwa miaka. Mwishowe Mwalimu alimwekea wachache ndani ya beseni la maji safi, akamwambia atazame tu. Nabintu aliinama, akatazama sana.

“Hawa ni macho tu,” alisema. “Nyama iko wapi?”

Hakununua tena.

Lakini tangu tarehe ya kustaafu itangazwe, Mwalimu alikuwa akituuliza mmoja mmoja: nikienda, ghuba itabaki na nani? Tulimjibu maneno matamu. Hakutuamini, na hata mimi nisingetuamini.

Juma lililopita alikuja kijana wa watu na chandarua. Mwalimu alikuwa bado anatafuta viatu, Nabintu alishafika majini mpaka magotini, beseni mkononi.

“Toka! Hapa ni materinite, ni pa kuzalia! Weye unaingiaka materinite na chandarua?”

Yule kijana alikunja chandarua akaondoka, huku wamama wakimzomea. Mwalimu alikaa juu ya beseni, akaviweka viatu chini, akaniomba chai. Kuhusu ghuba hajauliza tena.

Mwalimu, asante. Umetufundisha, umetuchekesha, umetuharibia sufuria. Kibao tutakipaka rangi upya, neno ni lile lile. Nenda kijijini Nkungu ukalime, ule ushibe, maana umekonda. Maisha yako huko yawe mema na marefu. Ukishuka Kamembe, beseni lako limeshageuzwa, linakungoja. Mfuniko uje nao. Na ukipita ghubani usimkaribie sana Nabintu: siku hizi anamfukuza kila muntu.