Imla ya Mwalimu Gathoni

GATHONI: Haroo? Ni nani?

AUMA: Habari ya jioni, Mwalimu. Ni mamake Cindy wa Grade Four. Napiga kutoka Ruiru, hapa nyuma ya Membley.

GATHONI: Aa, Mama Cindy! Mzuri sana. Ngoja nitoke nje, hapa Ngoingwa network ni ya kuombea— [mkwaruzo] —haya, ongea.

AUMA: Cindy ameniambia Jumatatu anahamishiwa darasa la special. Nikasema wacha nimpongeze mwalimu.

GATHONI: Unipongeze?

AUMA: Eeh. Daktari husoma miaka na miaka. Wewe umeenda semina siku moja hapo Thika, umerudi na cheti na magonjwa ya watoto.

GATHONI: Disleksia si ugonjwa, mama. Mtoto anakuwa na akili zake timamu, ni vile tu herufi zinamchanganya. Tulifundishwa dalili zote.

AUMA: Kabla ya chai ama baada?

GATHONI: Mama Cindy, usinichokoze—

AUMA: Nauliza tu. Maana huyo mtoto anamsomea babake Bibilia kila jioni, na babake hajalalamika.

GATHONI: Kusoma labda anakariri. Shida ni kuandika. Niliwapa imla, kila penye "l" yeye ameweka "r". Kubadilisha herufi, hiyo walituambia ndiyo dalili ya kwanza!

AUMA: Hebu nipe sentensi moja.

GATHONI: Ile ya kwanza ilikuwa rahisi kabisa: "Rori rimerara barabarani."

AUMA: Rudia, hii simu inakwaruza.

GATHONI: Rori. Rimerara. Barabarani.

AUMA: Na Cindy akaandika nini?

GATHONI: Si nimekuambia? Aliandika— [karatasi zinachakarika]

AUMA: Soma tu, Mwalimu, usione haya.

GATHONI: "Rori rimerara barabarani."

AUMA: Yawa! Basi huyo mtoto ameisha kabisa. Ameandika kile mwalimu amesema.

GATHONI: Lakini Kui na Gachau waliandika "lori" vizuri!

AUMA: Hao ni Wakikuyu kama wewe, cucu wao akisema rori, wameshajua ni lori. Nyanya ya Cindy yuko Siaya.

GATHONI: Na nyinyi mnaopeleka watoto "sule", nani amewahi kuwacheka?

AUMA: Tucheke tu. Lakini sisi wa sule hatujapima mtoto wa mtu.

GATHONI: [anacheka] Ngai! Na wale wengine waliofeli... Khisa, Nekoye, Ouma—

AUMA: Hongera. Semina yako imegundua Waluhya na Wajaluo.

GATHONI: Nimeaibika, mama, kusema kweli. Naongea na headteacher leo leo. Cindy hahami.

AUMA: Asante. Sasa atalala. Tangu jana analia, na hata hajililii mwenyewe. Anauliza nani atamsomea Mugo.

GATHONI: Kumsomea Mugo? Huyu Mugo wa fujo?

AUMA: Si wanakaa dawati moja? Cindy anamnong'onezea swali, Mugo anatoa jibu. Kumbe hukujua?

GATHONI: Lakini Mugo hata hakufanya imla! Alimwagia karatasi maji, nikamtoa nje. Huyo kila siku ya imla lazima afanye kituko, ama tumbo linamuuma, ama—

AUMA: Mwalimu? Uko?

GATHONI: Niko. Ijumaa nilimsimamisha mbele ya wenzake asome. Akanyamaza tu, ameshika kitabu. Nikawaambia wampigie makofi, bubu amehutubia.

AUMA: Mwalimu...

GATHONI: Wakacheka, Mama Cindy. Na yeye akacheka.

AUMA: Unalia?

GATHONI: Ni network.

AUMA: Haya basi. Kredo yangu inaisha. Huyo sasa ndiye wako, si ndio? Wa ile semina. Mshike Jumatatu, polepole, bila makofi, umsaidie.

GATHONI: Nimsaidie vipi?

AUMA: Wewe ndiwe wa cheti!

GATHONI: Sisi tulifundishwa kumtambua tu. Kumsaidia walisema ni semina nyingine, na hiyo bado hawajapata mfadhi— [simu inakatika]