Dereva wa Greda na Kiti Alichokigomea

Ndugu waombolezaji, asubuhi hii mwajiri wa zamani wa baba yetu ametuma mtu kutuomba tusitaje habari za kiti, na mimi, binti yake mkubwa, nimepewa na familia kazi ya kukitaja.

Baba, mliyemzoea kwa jina la Mzee Greda, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi seremala, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, akajifunza umakanika kwenye gereji ya mjomba wake, na tarehe 2 Juni 1979 akaajiriwa kuendesha greda la kuchonga barabara za vumbi. Alifunga ndoa na mama yetu tarehe 14 Agosti 1982, wakajaliwa watoto watatu, na mama hutania mpaka leo kwamba aliolewa na mwanamume pamoja na mashine yake.

Springi za kiti cha greda lile zilikufa mapema, mtikisiko wote wa changarawe ukawa unampanda kuanzia makalioni hadi shingoni, na kwa kuwa madereva wa pale walikuwa na desturi ya kumcheka anayelalamika, eti mashine haijamzoea, baba alinyamaza, akapachika kipande cha godoro juu ya kiti, kumbe ndicho kikawa kinamrusha zaidi. Mwaka 2003 alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu, ofisi ikamwambia ni uzee, mtu wa miaka arobaini na sita! Daktari alimweleza kwamba maumivu ya kiuno yana sababu nyingi, ila kutikiswa mwili mzima miaka nenda miaka rudi huenda kumechangia, na hapo baba akakifungua kiti kwa spana zake mwenyewe, akakiweka mlangoni kwa meneja, akakataa kuwasha mashine. Alifukuzwa, hakuomba msamaha, nasi hatuombi kwa niaba yake.

Alilazwa tarehe 20 Januari 2024, akafariki tarehe 27. Nimonia ndiyo iliyomuua, hatumsingizii mtu, lakini miaka ishirini ya kulala sakafuni kwa maumivu haikuletwa na nimonia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomsaidia mama kumgeuza, na madereva wenzake mliosimama pale nyuma, mlioniambia kwamba kesho hakuna greda litakalowashwa mpaka vifungwe viti vipya. Tumewasikia, na aliyetumwa na mwajiri naye amesikia.

Lala kwa amani, baba, hapo hakuna kitakachokutikisa.