Kitovu cha Jaribu

Garini, Bi Mwanapili alimgeukia muuguzi aliyekaa ubavuni pake. “Hivyo vinasaba mnavyotaka kusoma kwenye damu ya mjukuu wangu, vitampa miguu?”

“Havitampa, bibi. Lakini ugonjwa tutaujua, na watakaozaliwa tutawawahi.”

“Kaka yangu marehemu Jaribu alilegea miguu vivyo hivyo. Mama akalaumiwa, eti kapita mzimuni na mimba.” Akakumbuka alivyombeba Jaribu mgongoni wakienda kuokota karafuu, naye akiimba njia nzima. “Kitovu chake kimezikwa chini ya mkarafuu wetu. Hakisomeki?”

“Kimeshaoza, bibi. Lakini nyinyi tumbo moja. Damu yako yasomeka.”

Gari ikasimama Gombani, mbele ya maabara. Bi Mwanapili keshakunja mkono wa buibui. “Chukua. Ila mama yangu huko kaburini, nani atamwambia kuwa hakukosea njia?”