Kaa Chini, Kokuberwa

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu haifiki tena mlangoni. Mimi ni Ndyamukama, mwana wa Byabato, niliyezaliwa mwaka 1941 katika kibanja hiki, shamba letu la migomba hapa Muleba, na akili yangu ingali yangu ingawa upande wa kulia wa mwili ulikufa miaka mitatu iliyopita. Rugaibula, ndugu yangu wa ukoo, andika ninayosema, na majina uyaandike kwa ukamilifu, kwa sababu mtu asiyeandikwa jina huwa kama hakuwapo.

Kuhusu mali sina maneno mengi. Nyumba hii na kibanja cha juu, yalipo makaburi ya baba yangu na ya mama yenu Agnetha, ni vya Evarist, mwanangu wa kwanza. Kibanja cha chini, kuanzia mfereji hadi mpaka wa jirani yetu Protase, ni cha binti yangu Klaudia Kokuberwa, cha kumiliki na kurithisha, si cha kula ndizi tu kama tulivyozoea kuwapa mabinti. Asije mtu akasema mzee alikuwa anaweweseka.

Sasa lile linalonikosesha usingizi. Ijumaa hii ni siku ya mwisho ya kupeleka maombi ya chuo cha udaktari kule Mwanza, na Kokuberwa hajapeleka. Ana miaka thelathini na minane. Mnajua kwamba ni tabibu, bado si daktari, kwamba alikaa miaka tisa katika zahanati ya kisiwani Goziba, na kwamba kulikuwa na mwanamke aliyekwama katika uzazi siku ambayo ziwa lilichafuka. Binti yangu alijua kabisa kinachotakiwa, lakini hakuwa amesomea kupasua, akakaa naye ndani ya boti iliyoshindwa kuvuka, ameushika mkono wake mpaka ukapoa. Aliitwa Ephrasia, msimwite “yule mama wa Goziba.” Tangu siku hiyo Kokuberwa alitaka kusoma udaktari, nami nikamwambia asome, na mwaka uleule nikaanguka.

Tangu hapo ni mwakani, mwakani. Mwaka wa kwanza hukuomba, binti yangu, kwa sababu nilikuwa nimeanguka. Wa pili kwa sababu ya kidonda changu cha mgongoni. Mwaka huu ni kwa sababu sijafa. Hukusema hivyo, wala usingeweza kusema, lakini mimi nimelala hapa na kazi niliyobaki nayo ni kusikiliza. Jumapili nilimsikia Judica, mama yenu mdogo, akikutania mkimenya ndizi: “Wewe utaitwa daktari ukiwa na mkongojo!” Nawe ukamjibu, “Afadhali, Ma Judica, wagonjwa watanipisha kwenye foleni.” Mkacheka sana. Kisha akakuuliza, “Lakini kweli, unaomba lini?” Nikasikia kisu kikiwekwa chini, halafu ukanitaja mimi baba yako, “Tata akipata nafuu.”

Kokuberwa, wewe ni tabibu. Unajua kuliko sisi sote kwamba sipati nafuu.

Ukiniuliza kama umechelewa, sijui. Nilisoma hadi darasa la nane katika shule ya misheni, wakati wa Waingereza, tukafundishwa kwamba kila jambo lina saa yake na saa ikifika kengele hupigwa. Maisha hayakunipigia kengele hata mara moja.

Ila najua kilichokufunga, na si ugonjwa, ni ulimi wangu. Evarist alipoikata mibuni ya marehemu baba yangu akapanda mikaratusi, nilisimama mbele ya ukoo nikasema, “Mkono wako usiniguse, nikiwa hai wala nikiwa maiti.” Ni miaka kumi na minne sasa. Hakunibishia. Kila Jumamosi anakuja kutoka kwake Nshambya na sukari na gazeti, anasimama pale mlangoni, anasema, “Shikamoo, tata,” namwitikia “Marahaba” kama karani, huku dada yake akininyanyua peke yake mpaka kiuno kimemharibika. Nancy, mke wa Evarist, hawezi kunivua nguo, maana mkamwana haoni uchi wa baba mkwe, na hilo silivunji. Mlinitafutia mtu wa kunihudumia nikamfukuza kwa aibu. Ikabaki mikono miwili tu. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi; mzigo ni mimi, nami nikajiona mwepesi kwa sababu sikuwa nikijibeba.

Neno lile nalifuta. Andika, Rugaibula. Sijui kama neno la namna ile hufutika, lakini andika. Evarist, mikaratusi yako bado siipendi. Vua koti, mwanangu, uje unigeuze.

Si hivyo. Shika chini ya bega, mkono wa pili kwenye nyonga. Aa... Kaa chini, Kokuberwa! Mwache aniumize, atajifunza. Wewe nawe ulinitonesha mwanzoni. Nimesema kaa.

Nikifa kabla ya Ijumaa, matanga yasimzuie. Apeleke maombi hata kama mwili wangu bado uko ndani. Nikifa yeye akiwa katika mtihani, msimpigie simu mpaka atoke. Evarist ataniosha. Mnilaze upande wa kushoto wa Agnetha, mahali nilipozoea.

Mungu awashike wote wawili kwa mkono mmoja... Awape... Ngojeni nipumue.

Mmenigeuzia ukutani. Naona chokaa tu. Kokuberwa, vyeti vyako viko ndani ya ile bahasha, chini ya Biblia. Umeichukua? Simu ya kujazia maombi unayo?

Evarist, usiniachie.

Rugaibula, wewe unamwona. Weka kalamu chini. Niambie kama anajaza.