Chuo Kimoja, Wakuu Wawili

Kwenye treni ya asubuhi nilikaa mkabala na mzee mwenye tai, aliyekuwa akimsifia mama wa pembeni yake chuo anachokiongoza.

"Mlete binti yako kwetu, mama. Wanafunzi wakipungua tena muhula ujao, itabidi nifunge darasa la ushonaji, na wale walimu nitawapeleka wapi?"

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Baba, mimi pia ni mkuu wa chuo. Tangu tupande nangoja unyamaze nikuombe mwanao. Kwenye bweni langu sasa wanalala popo."

Mzee alifikiri kidogo. "Basi tuunganishe vyuo. Wanafunzi wako na wangu wakikaa pamoja, madarasa yatajaa."

"Wazo zuri mno! Utakubali kuwa makamu wangu?"

"Makamu? Nilidhani makamu ni wewe."

Hapo mmoja akataja miaka yake kazini, mwingine shahada zake. Wanafunzi hawakutajwa tena.

Treni iliposimama, walifika mlangoni kwa pamoja na hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Sisi abiria wengine tulibaki nyuma yao na mizigo yetu, tukisubiri uongozi uamue.